Kupiga leveli ya kiwanja: kutoka alama ya kudumu hadi kina cha msingi

Mafundi wengi huanza kuchimba msingi kwa kina kile kile kila kona, "futi tatu kutoka juu ya ardhi". Kwenye kiwanja kilichoinama, njia hiyo inakupa mtaro ulioinama kama ardhi yenyewe. Vimo vyote vya jengo vitoke kwenye alama moja, na vipangwe kabla jembe halijagusa udongo. Mfano hapa chini ni nyumba ya mita 12 kwa 10 kwenye kiwanja kinachoshuka kutoka barabarani kwenda nyuma. Kona A na B ziko mbele, C na D ziko nyuma.

Vifaa

Dampi leveli (darubini ya kupimia vimo) na miguu yake, stafu (rula ndefu ya kusomwa kwa mashine) ya mita 5, vigingi, mbao za profaili (za kufungia uzi kuzunguka nyumba), misumari, uzi, futi kamba, daftari. Kama mashine haipo, mpira wa maji wa kuona ndani wenye urefu wa mita 20 unatosha kwa nyumba ya kawaida.

Hatua ya 1: Weka alama ya kudumu

Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 60, lijaze zege na uchomeke kipande cha nondo katikati kikichomoza kidogo. Liwe mahali ambapo lori la mchanga halitapita. Usitumie kigingi cha mti: kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi kigingi hupanda mvua ikinyesha na kushuka jua likiwaka. Bikoni ya mpaka nayo iache kwa kazi yake.

Ipe alama kimo cha mita 100.000. Ukianza na sifuri utapata namba hasi kwenye mtaro, na hapo ndipo watu hukosea kujumlisha.

Hatua ya 2: Jaribu mashine kabla ya kuiamini

Piga vigingi viwili umbali wa mita 50. Simamisha mashine katikati kabisa, soma stafu kwenye vyote viwili, andika tofauti. Hiyo ndiyo tofauti ya kweli, kwa sababu kosa la mashine linakuwa sawa pande zote na kujifuta. Sasa hamishia mashine mita 3 kutoka kigingi kimoja, usome tena. Tofauti ikipishana na ile ya kwanza kwa zaidi ya milimita 3, mashine ipelekwe kurekebishwa. Mashine za kukodi hubebwa kwenye bodaboda na kuanguka, kwa hiyo jaribio hili la dakika 15 lisirukwe.

Hatua ya 3: Soma kiwanja

Simamisha mashine mahali unapoona kona zote, leta povu katikati, kisha soma stafu ikiwa juu ya alama ya kudumu. Tuseme umepata 1.425. Kimo cha mashine ni 100.000 + 1.425 = 101.425. Kuanzia hapo, kimo cha sehemu yoyote ni 101.425 kutoa namba ya stafu:

Ukingo wa barabara: 1.155, kimo 100.270
Kona A: 1.210, kimo 100.215
Kona B: 1.340, kimo 100.085
Kona C: 1.985, kimo 99.440
Kona D: 1.860, kimo 99.565

Soma pia katikati ya nyumba na mahali pa shimo la choo. Ukimaliza, rudi kwenye alama ya kudumu. Ukipishana na 1.425 kwa zaidi ya milimita 3, miguu imezama au mtu ameigusa mashine, rudia yote.

Makosa ya stafu ni manne, na yanajirudia kila saiti. Stafu iliyoinama husoma kubwa kuliko kweli, hivyo mshikaji aiyumbishe polepole mbele na nyuma, nawe uchukue namba ndogo kuliko zote. Vipande visipofungana hadi kusikika "klik", kila kipimo cha juu kinaharibika. Stafu ikiwekwa juu ya matope huzama, basi weka kipande cha tofali chini yake. Kosa la nne ndilo baya zaidi: kusoma mstari mfupi wa juu au wa chini unaoonekana ndani ya darubini badala ya mstari wa katikati. Njia ya kujikagua ni kusoma yote mitatu. Wastani wa wa juu na wa chini lazima ulingane na wa katikati.

Kwa mpira wa maji kanuni ni ile ile, ila badala ya kimo cha mashine unatumia mstari wa maji. Jaza maji taratibu kutoka kwenye ndoo mpaka mapovu yote yatoke, fungua ncha zote mbili, kisha ziweke pamoja: maji yasipolingana, kuna povu ndani au mpira umejikunja. Usiache nusu ya mpira juani na nusu kivulini. Maji ya moto ni mepesi, husimama juu zaidi.

Hatua ya 4: Amua kimo cha sakafu

Hapa ndipo pesa ilipo. Sakafu iwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi iliyo juu kuliko zote (100.365), na ikiwa barabara iko juu ya kiwanja, ipite barabara kwa sentimita 30 (100.570). Barabara za mtaani huongezwa kifusi kila zikichongwa, na sakafu iliyolingana na barabara leo itaingiwa na maji baadaye. Tunachagua 100.600 kwa sakafu iliyokamilika.

Lakini usiinue kwa kujionyesha. Kwa nyumba hii, kila sentimita 10 za ziada ni kyubiki mita 12 za kifusi kilichoshindiliwa. Tena kwa kimo hiki mlango wa nyuma upande wa C utakuwa mita 1.16 juu ya ardhi, yaani ngazi 7. Mwenye nyumba aambiwe sasa.

Ondoa milimita 50 za sakafu laini na vigae: juu ya jamvi (zege la sakafu) ni 100.550. Jamvi ni milimita 100, hivyo ukuta wa msingi unaishia 100.450.

Hatua ya 5: Kagua bomba la choo

Bomba la inchi 4 lishuke 1 kwa 40. Bomba likianzia 99.300, baada ya mita 18 litakuwa 98.850. Shimo likiwa nyuma, bomba linaingia kama sentimita 60 chini ya ardhi. Likiwa mbele karibu na geti, linaingia mita 1.35 chini, na shimo zima linazidi kina. Wengi hupenda mbele kwa ajili ya gari la kunyonya maji taka; ni afadhali kuweka nyuma na kuuliza mpira wa gari unafika mita ngapi.

Hatua ya 6: Pata kina cha mtaro

Tofali za inchi 6 zikilazwa, kozi moja (mstari mmoja wa tofali) na udongo wake wa kujengea ni milimita 170. Kila kona inahitaji kina cha angalau sentimita 80; tuanze na A. Kozi 5 ni 850, kwa hiyo juu ya zege la msingi ni 99.600. Zege ni 200 na zege la usafi (tabaka jembamba chini yake) 50: chini ya mtaro ni 99.350. Kina kwenye A ni sentimita 86.5. Inatosha.

Kona C iko chini mno kwa kimo hicho, hivyo mtaro ushuke kwa ngazi za kozi moja moja. Ngazi 5 zinafika 98.500, kina cha sentimita 94. D inahitaji ngazi 4, B ngazi 1. Ngazi isizidi unene wa zege, na zege la juu lilalie la chini kwa angalau milimita 340. Ngazi isiyolingana na kozi itakulazimu kukata tofali au kujaza udongo mnene wa kujengea, na hapo ndipo ufa hutokea.

Hatua ya 7: Hamishia kwenye profaili

Pigilia mbao za profaili zote kwa kimo cha juu ya jamvi, 100.550, na ufunge uzi kati yake: stafu ikisimama juu ya ubao isome 0.875. Ziwe mita 1 hadi 1.5 nje ya mtaro, zisizikwe na udongo. Tengeneza fito lenye umbo la T, urefu mita 1.200. Likisimama ndani ya mtaro upande wa A, kichwa chake kiguse uzi. Kila ngazi ongeza 0.170, hadi 2.050 kwenye C. Uzi mrefu hulegea katikati, utegemeze kwa kigingi.

Kabla ya kumwaga zege, chomeka vipande vya nondo kwenye mtaro vionyeshe juu ya zege, na uvipime kwa mashine: kwenye A stafu isome 1.825. Mashine ikiwa imehamishwa, anza upya kwenye alama ya kudumu, kwa sababu 101.425 haitumiki tena.