Kabla ya masika: mambo ya kuzingatia ili nyumba ya Dar ibaki safi

Masika ya Dar huanza Machi, hukolea Aprili na kulegea Mei. Kila mwaka tunayapokea vilevile: mabuti yanatolewa uvunguni, mwavuli uliovunjika mbavu unatafutwa, na nyumba inaachwa ijitetee. Kufikia katikati ya Aprili sebule inanuka uvundo, nyuma ya kabati pameota ukungu mweusi, na mtu anadeki asubuhi na jioni asione tofauti.

Miezi mingine uchafu wa mji huu ni vumbi, na vumbi linaondoka kwa ufagio na kitambaa chenye maji. Masika uchafu ni maji yenyewe, na dawa ya maji ni jua, ambalo wakati huo linaonekana kwa msimu. Kwa hiyo kazi yoyote ya usafi inayotaka kukauka ifanyike Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma na shati la kwanza limeshakauka kabla hujamaliza kuanika la mwisho. Anayengoja Pasaka ndipo afue mapazia atayaanika juu ya makochi.

Anza juu. Bati halivuji ghafla. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari unapigwa na jua mwaka mzima hadi unakatika, kisha maji yanapita hapo polepole. Ukiona kwenye siling bodi alama ya mviringo yenye rangi ya chai, hata iwe ndogo kama shilingi, jua kuna msumari unaokusaliti. Usisubiri mvua ikuonyeshe. Fundi apande na mpira wa maji, aanze kumwagia upande wa chini wa paa na kupanda safu kwa safu hadi kwenye kofia, na mtu mwingine akae ndani na tochi.

"Bado, mama?"

"Bado. Panda kidogo... Haya, hapo hapo! Inadondoka juu ya friji, fundi."

Kwa kupanda hivyo mnajua ni safu ipi inayovuja, wala hamlipi kupaka lami paa zima. Na usiiahirishe kazi hii, hasa kama siling yako ni ya jipsamu. Jipsamu ikilowa mara mbili tatu inajaa tumbo, doa lake halitoki hata ukipaka rangi, na siku ikishuka inashuka na vumbi la miaka yote lililolala juu ya kenchi.

Ukiwa huko juu, gata zisafishwe. Dar hazizibwi na majani ya mwembe peke yake. Kunguru wetu huokota mifupa, vipande vya sabuni na vijiti vya kujengea viota, na nusu ya mizigo yao wanaiacha kwenye paa lako. Gata ikiziba, maji yanarudi nyuma na kuteremka ukutani, na ukuta ule ule ndio utakaoota ukungu kwa ndani. Watu wengi wanasugua ukungu chumbani mwaka hadi mwaka bila kupandisha macho waone unakotoka. Kama unakinga maji ya mvua kwa ajili ya kufulia na kudekia, mvua ya kwanza iache ioshe paa na uanze kukinga ya pili.

Halafu madirisha. Masika yanakuja wakati upepo unageuka kutoka kaskazi kwenda kusi, hivyo mvua nyingi ya Aprili haidondoki wima, inapigwa ubavuni. Dirisha lililokupa hewa nzuri Januari nzima siyo lazima ndilo litakaloingiza maji; tazama lile linaloelekea kusi na mashariki. Ya aluminiamu yana vitundu vidogo kwenye reli ya chini vya kutolea maji nje, na vitundu hivyo huwa vimejaa vumbi na mabawa ya kumbikumbi wa vuli. Chukua mswaki wa zamani na kijiti, vizibue, mimina kikombe cha maji uone yanatokea nje. Yakirudi ndani, hapo ndipo kochi lako litakapolowa.

Ukutani, ukungu wa mwaka jana usipakiwe rangi juu yake. Rangi juu ya unyevu inatoa malengelenge ndani ya wiki chache, na pesa imekwenda. Paruza, piga msasa, sugua kwa jiki iliyochanganywa na maji, kikombe kimoja kwa vikombe tisa, iache ikae kama dakika kumi, futa, kisha acha ukuta ukauke kwa siku kadhaa madirisha yakiwa wazi. Baada ya hapo ndipo rangi. Mchanganyiko huo utengenezwe siku ya kutumia, maana ukilala unapoteza nguvu. Na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu limezoeleka sana kwenye kusafisha vyoo: jiki isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na choo cha nyumba ya kupanga chenye kidirisha kimoja juu si mahali pa kuvuta gesi hiyo. Ukitumia kimoja, mwaga maji mengi, maliza, kingine kingoje siku nyingine. Wala usichanganye jiki na dawa za kufutia vioo zenye amonia.

Makabati yasogezwe mbali na ukuta, upana wa kiganja unatosha. Hewa ikipita nyuma, ukungu unakosa kwa kukaa. Ndani ya kabati, nguo za harusi, suti na viatu vya ngozi visibanane. Naftalini inafukuza nondo na mende wadogo, haikaushi unyevu, na udi unaofukizwa Ijumaa unafunika harufu kwa saa kadhaa tu. Viatu vya ngozi vipigwe rangi na kuanikwa kivulini, kisha vijazwe magazeti ndani.

Kuhusu makapeti na mazulia nina msimamo ambao wengi nyumbani hawaupendi: yakunjwe. Zulia la manyoya masika linakunywa maji ya miguu ya watoto, ya mwavuli na ya mgeni aliyesema "nimevua viatu" huku soksi zinachuruzika, na halikauki mpaka Juni. Februari lifue, lianike pande zote mbili siku nzima, livingirishe na kuliweka juu ya kabati, siyo uvunguni. Sakafu tupu ya marumaru au ya saruji inafutika kwa dakika tano. Magodoro nayo yapigwe jua na kugeuzwa, mablanketi yafuliwe sasa, na mapazia mazito yapumzike, utundike mepesi.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na huu ndio wakati wa kuinama. Uvunguni mwa vitanda vya Dar kuna maboksi ya vitabu vya shule, begi la nguo za mtoto ambaye sasa yuko kidato cha pili, redio mbovu na ndoo ya rangi iliyoganda. Boksi la karatasi likiwa sakafuni linanyonya unyevu na kugeuka nyumba ya mende. Vya kutoa vitolewe, vya kubaki viingie kwenye madishi ya plastiki yenye mifuniko au viinuliwe juu ya matofali.

Kwa wanaokaa mabondeni, Jangwani, Kigogo, kandokando ya Mto Ng'ombe na Msimbazi wote, kupanga vitu si suala la unadhifu tena. Mafuriko ya Desemba 2011, ambayo hata hayakuwa ya masika, yaliua watu na kuwafanya wakazi wengi wa bonde la Msimbazi wahamishiwe Mabwepande. Vyeti vya kuzaliwa, vya shule, kadi za kliniki na hati za kiwanja viwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaofungika, uning'inie juu, na kila mtu mzima ndani ya nyumba ajue ulipo. Nyaya na vigawio vya umeme visilale sakafuni.

Nje ndiko kwenye kazi kubwa. Mtaro wa mbele ya nyumba uzibuliwe kabla ya mvua na mchanga wake uondolewe kabisa, maana mchanga ukirundikwa ukingoni unarudi mtaroni na mvua ya kwanza. Kazi hii haina maana ukiifanya peke yako na jirani wa chini mtaro wake umejaa chupa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo tangu sherehe za Uhuru za 2015 zilipofutwa ili watu wafanye usafi imekuwa siku ya usafi, ni kisingizio kizuri cha kugonga geti. Huendi kumlaumu. Unasema, "Shikamoo mzee, Jumamosi tunazibua huu mtaro, vijana wangu wataanzia juu, wako waanzie chini." Mara nyingi inatosha. Ikishindikana, mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa wapo.

Chemba na shimo la choo lisisahaulike. Sehemu za chini za mji maji ya ardhini yako karibu, na yakipanda masika shimo lililokuwa nusu linajaa bila mtu kuongeza kitu. Gari la kunyonya maji taka liite Februari, barabara ya mtaa ikiwa bado inapitika. Aprili gari hilo linakwama kwenye kona ya kwanza, na kila mtu analitaka siku hiyo hiyo. Fungua mifuniko ya chemba, ondoa mafuta yaliyoganda na mabaki ya wali kutoka jikoni, hakikisha mifuniko inakaa sawasawa ili maji ya uani yasimiminikie humo. Wapo wanaongoja mvua kubwa ya usiku watapishe vyoo mtaroni. Ni kosa kisheria, na kinyesi hicho hakiendi baharini moja kwa moja. Kinapita mbele ya mlango wa mama anayekaanga maandazi alfajiri na kwenye miguu ya watoto waendao shule. Mji huu unakifahamu kipindupindu vizuri mno kwa mtu kufanya hivyo akiwa na akili timamu.

Sasa mbu. Kila mtu anajua kumwaga maji yaliyotuama, lakini mbu wa dengi, aliyeisumbua Dar mwaka 2014 na tena 2019, ana ujanja wa ziada. Hatagi kwenye mtaro mchafu. Anapenda maji masafi ya ndani ya uzio wako: ndoo, sahani ya chini ya chungu cha maua, tairi, kifuu, beseni la kuku, mfuniko wa simtanki uliobonyea. Na mayai anayabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Ukimwaga maji, mayai yanabaki pale, madogo meusi kama masizi, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi. Mvua ya Machi ikijaza chombo, wanaanguliwa, na wiki moja au zaidi kidogo baadaye wanaruka. Kwa hiyo kabla ya masika chombo kisimwagwe tu, kisuguliwe pembeni kwa brashi na sabuni, kikauke, kigeuzwe kifudifudi. Jaba na simtanki vioshwe ndani na kufunikwa vizuri. Tairi zikae chini ya paa au ziondoke. Mbu huyu anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Wavu wa madirisha uliotoboka ushonwe sasa. Jongoo, konokono na tandu nao wataingia kwa miguu yao kupitia uwazi wa chini ya mlango: mpira wa kuziba unauzwa kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Tope ni la mlangoni, lisivuke hapo. Wanaokaa kwenye mchanga, Kigamboni au Mbezi Beach, wana nafuu, unakung'uta unapita. Udongo mwekundu wa miinuko ya Goba na Kimara ukiingia ndani unapaka kila kitu. Weka gunia la katani au kiroba kilichokunjwa nje, kitambaa kizito ndani, na kichanja cha viatu barazani chenye ndoo ya kuachia miavuli. Tope likishaingia, usikimbilie dekio, utalisambaza sebule nzima. Liache likauke, lifagie, ndipo udeki. Ufagio wa chelewa uwe wa uani, laini uwe wa ndani, na madekio yawe mawili ili moja likauke. Dekio lisilokauka ndilo chanzo cha ile harufu ambayo watu hulaumu sabuni.

Gari la taka huchelewa masika, njia zikiharibika. Tenga maganda ya ndizi, mihogo na mboga, yafukiwe kama una nafasi au yakae kwenye ndoo yenye mfuniko; taka kavu peke yake haitoi funza hata ikikaa wiki nzima. Viroba vya taka viwekwe mahali palipoinuka na kufunikwa, mbali na mtaro uliouzibua.

Mwisho ni kamba ya nguo. Tafuta mahali penye paa na upepo, baraza la nyuma au kibanda cha uani, funga kamba mbili zilizoachana kiasi ili nguo zisigusane. Kama kuna dada wa kazi, mwelekeze mapema kwamba Aprili hafui rundo la Jumamosi. Anafua kidogo kidogo kila jua linapochungulia, na jinzi na taulo ndizo zinazotangulia kamba.