Wanafunzi wajibu kwa video humo humo kwenye Moodle

Walimu wenzangu mnaotumia Moodle, ule mfumo wa kufundishia mtandaoni, hakuna haja ya kuwatuma wanafunzi kwenye programu nyingine ili wajibu kwa video. Juu ya kisanduku kile kile cha kuandikia jibu kuna alama ya kamera. Mwanafunzi anaibonyeza, anakiruhusu kivinjari kitumie kamera, anarekodi, anajitazama, akiona amebabaika anarudia, kisha anapachika. Kikomo cha kawaida ni dakika 2, ingawa msimamizi wa mfumo anaweza kukibadilisha. Mimi sikuomba kiongezwe. Zinamtosha aliyejiandaa, na mimi nina majibu 40 ya kutazama!

Kilichonisaidia zaidi ni kuchagua, humo humo kwenye Moodle, jukwaa la majadiliano la aina ya maswali na majibu. Humo mwanafunzi haoni majibu ya wenzake mpaka atume lake na muda wa kulihariri upite. Zamani nikiuliza, "Kwa nini chuma hushika kutu?" wa kwanza akishajibu, waliobaki wanaimba wimbo ule ule, hadi kikohozi.

Suala la bando lipo. Pembeni ya kamera kuna alama ya maikrofoni; mwenye bando dogo, au asiyetaka tuone chumbani kwake, arekodi sauti tu. Maksi ni zile zile. Na wiki ya kwanza wape swali jepesi, "Umekula nini leo?", ili kamera ikigoma, igomee kwenye ugali na si kwenye mtihani.