Ofisi Isafishwe Mara Ngapi? Jinsi ya Kupanga Ratiba

Wateja wangu wengi hapa Dar es Salaam huanza kwa kutaja mita za mraba. Mita zinaonyesha kudeki kutachukua muda gani tu. Idadi ya kudeki inatokana na watu, na vitu wanavyoshika.

Hatua ya 1: Hesabu wanaoingia. Wafanyakazi pamoja na wageni. Ofisi ya wahasibu ishirini wasiopokea wateja haifanani na kaunta yenye foleni kutwa.

Hatua ya 2: Pita ofisini ukikagua, mara tatu kwa siku moja. Saa 2 asubuhi, saa 8 mchana, saa 11 jioni. Anzia chooni: sabuni ipo? Sakafu imelowa? Kama saa 8 pananuka, usafi wa asubuhi peke yake hautoshi, hata mapokezi yakimeta namna gani. Kisha ingia jikoni, uangalie sinki, sifongo na kishikio cha friji. Pipa la jikoni limwagwe kila jioni, hilo halina mjadala. Mabaki yakilala, mende hawachelewi.

Hatua ya 3: Panga kwa mguso. Vitasa, swichi, vitufe vya lifti na simu ya mapokezi ni vya kila siku. Osha kwa sabuni kwanza, ndipo upake dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu uchafu huipunguzia dawa nguvu. Iache ikae kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Na tafadhali, jiki isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya klorini, na anayeivuta ni yule dada au kaka anayewasafishia. Madirisha na vichujio vya viyoyozi, mara moja kwa mwezi huwa inatosha.

Hatua ya 4: Tazama msimu. Masika, Machi hadi Mei, tope huingia na viatu. Mlangoni padekiwe asubuhi na mchana. Kiangazi, ofisi iliyo kando ya barabara ya vumbi ifutwe meza kila siku.

Hatua ya 5: Jaribu wiki mbili, kisha pita tena saa zilezile. Bajeti ikibana, punguza madirisha, usafi wa choo usiupunguze. Ukiongeza zamu ya mchana, ongeza na saa za malipo, la sivyo kazi itafanywa juujuu. Bandika ratiba nyuma ya mlango wa choo, msafishaji atie sahihi na saa kila amalizapo.