Bustani iliyojaa samadi: kipi kitangulie, kipi kisubiri

Udongo wa Tabora kwa sehemu kubwa ni kichanga, kwa hiyo mtu akipata samadi huimwaga bila kupima. Wengine hulima pale pale palipokuwa na zizi. Udongo wa namna hiyo ni mali, ila haufai kila mboga. Kabla ya kununua mbegu, jiulize: mmea huu nitakula sehemu gani? Naitrojeni ya samadi hujenga majani kwanza. Ukila jani, umepata. Ukila tunda, utasubiri. Ukila mzizi au punje, utavuna hasara.

Hatua ya 1: Kadiria kiasi

Tumia debe la lita 20. Debe moja la samadi ya ng'ombe iliyooza kwa mita 2 za mraba latosha. Ukifika madebe mawili kwa mita moja ya mraba, umezidisha. Mbolea ya kuku ni kali zaidi, hata nusu debe kwa mita moja ni nyingi. Mahali pa zizi la zamani pahesabu kuwa pamezidi, hata kama ng'ombe waliondoka miaka kadhaa iliyopita.

Hatua ya 2: Pima kwa maharage

Toboa makopo mawili chini. Moja jaza udongo wa tuta lako, jingine udongo wa kando usio na samadi. Panda maharage 10 kila kopo, mwagilia sawasawa, subiri siku 10 hadi 14. Maharage huumia upesi kwa chumvi iliyomo kwenye samadi na kwa samadi isiyoiva, ndiyo maana tunayatumia. Ling'oe moja utazame kwa karibu: ncha ya mzizi ikiwa ya kahawia badala ya nyeupe, na kingo za jani zimekauka kama zimepitiwa na moto, tuta bado halijawa tayari. Ukoga mweupe juu ya udongo ukikauka ni dalili nyingine ya chumvi.

Ukiona dalili hizo kwenye kichanga, mwagilia maji mengi mara kadhaa ili kuzamisha chumvi, acha wiki tatu, pima tena. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Igunga, maji hayapenyi kirahisi, hivyo njia hiyo haisaidii sana. Huko changanya udongo wa kando usio na samadi.

Hatua ya 3: Chagua

Za kutanguliza ni kabichi, sukuma wiki, chainizi, mchicha, spinachi na maboga. Tuta likiwa na chumvi kidogo, anza na spinachi, maana huivumilia kuliko kabichi. Mchicha ndio wa haraka: wiki tatu hadi nne unang'oa na kupanda tena, na kila mara unapunguza samadi iliyozidi.

Hapa watu wengi hukosea: mmea mmoja unaweza kufaa au kutofaa kulingana na unachokitaka. Viazi vitamu kwenye tuta hili vitakupa mashina marefu na viazi vyembamba kama vidole, lakini kwa matembele hakuna mahali pazuri zaidi. Kunde hivyo hivyo, chuma majani wala usisubiri punje. Maboga nayo hutoa msusa mwingi kabla hayajazaa.

Za kusubiri ni hizi. Karoti huota miguu miwili mitatu na kujaa vinyweleo. Vitunguu maji hunenepa shingo, havikauki vizuri na huoza stoo. Maharage hupata naitrojeni ya bure, hivyo mizizi huunda vinundu vichache, na juu ni majani matupu. Nyanya huwa na shina nene na jani la kijani iliyokolea, huku maua yakichelewa na mengine yakidondoka. Na kama shamba lilikuwa la tumbaku, nyanya isifuate hata samadi ikipungua: ni jamaa moja, na minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyovimbisha mizizi, hushambulia zote mbili.

Hatua ya 4: Panda kwa nafasi

Kabichi na sukuma wiki sentimita 60 kwa 60, chainizi 40 kwa 30, maboga mita 2 kwa 2. Usibane. Majani yanayotokana na naitrojeni nyingi ni laini, na vidukari huyapenda. Geuza majani machanga kila baada ya siku mbili, ukiwaona wachache wafikiche kwa vidole au nyunyiza maji ya sabuni jioni. Ukipandikiza, chimbua kwanza utoe sota na mabuu meupe, maana samadi isiyooza huwaficha.

Mboga za kuliwa mbichi, kama kabichi ya kachumbari, zisivunwe kabla ya siku 120 tangu samadi mbichi iingie udongoni. Vijidudu vya kuharisha na mayai ya minyoo havionekani kwa macho.

Hatua ya 5: Panga zamu

Zamu ya kwanza majani na maboga. Ya pili bilinganya, hoho au nyanya. Ya tatu vitunguu na karoti, ya nne maharage. Kwenye kichanga, mvua za Novemba hadi Aprili huzamisha naitrojeni chini kabisa, hivyo samadi ya Oktoba huenda ikawa imepungua sana ukianza bustani ya kiangazi mwezi Mei. Rudia kipimo cha makopo kabla ya kila zamu, na usiongeze samadi mpaka maharage yavunwe.