Kabla Hujatoka na Kamera: Maandalizi ya Mwanafunzi wa Picha za Habari Mtwara

Wanafunzi wanaokuja Mtwara kufanya fildi ya picha za habari huniuliza kwanza habari za lenzi. Nije na ipi, fupi au ndefu? Nami huwauliza kama wana daftari. Picha inayoniuma kuliko zote nilizopiga nikiwa mwanafunzi haikuharibiwa na lenzi. Ilikuwa ya mikono ya mama mmoja aliyekuwa akibangua korosho uani kwake Chikongola, mikono iliyokolea weusi wa yale mafuta ya maganda yanayobabua ngozi. Darasani ilisifiwa sana. Kisha mwalimu akauliza, "Anaitwa nani?" Sikuwa na jibu. Niliporudi baada ya wiki tatu mama alikwisha hama, kafuata msimu Tandahimba, na jirani yake akaniuliza picha iko wapi, maana mwenyewe alikuwa akiiulizia kila siku. Sijampata mpaka leo.

Kwa hiyo daftari litangulie kamera kuingia kwenye begi. Andika jina kamili la mtu na jinsi mwenyewe anavyoliandika, maana majina ya Kimakonde, Kiyao na Kimakua ukiyaandika kwa kusikia tu utayakosea. Mpe kalamu aandike, au akutajie herufi moja moja. Andika kazi yake, mtaa wake, alichokuwa akifanya ulipobonyeza kamera, na namba ya simu ya kumfikishia picha. Kando ya jina weka namba ya picha inayoonekana kwenye kioo cha kamera. Ukiahirisha hadi jioni, utabaki na wavuvi kumi na majina kumi, usijue lipi la nani.

Baada ya daftari, barua. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 imeweka utaratibu wa ithibati, yaani kitambulisho cha kazi, kwa waandishi wa habari, na mwanafunzi hana kitambulisho hicho. Kinga yako ni barua ya chuo yenye jina lako, muda wa fildi na namba ya mtu wa kupigiwa. Toa nakala nyingi. Moja mpelekee mtendaji wa kijiji au wa mtaa kabla hujapiga picha hata moja, na mwenyekiti naye apate habari. Wanafunzi wengi huiona safari hiyo ya ofisini kuwa ni kupoteza asubuhi. Mimi naiona ndiyo asubuhi yenye faida kuliko zote, kwa sababu mtendaji ndiye atakayekuambia kesho kuna mkutano wa hadhara, keshokutwa kuna msiba, na mzee fulani hapendi kupigwa picha.

Barua hiyo haifungui kila mlango. Bandari, uwanja wa ndege, kambi za jeshi, mitambo ya gesi: usinyanyue kamera huko bila ruhusa ya maandishi ya wenyewe. Tangu mwaka 1970 ipo Sheria ya Usalama wa Taifa inayolinda maeneo ya namna hiyo, na mkoa huu umepakana na Msumbiji, kwa hiyo huko kusini karibu na Mto Ruvuma askari hawana mzaha na mgeni mwenye kamera. Hata pale Feri, ukisubiri kivuko cha kwenda Msangamkuu, angalia nyuma ya unayempiga kuna nini. Abiria na vikapu vyao wanatosha kabisa kuwa habari.

Sasa kalenda. Mtwara ina saa mbili zinazoendesha maisha ya watu, korosho na bahari, na ukizijua huhitaji kungoja tukio likufuate. Kuanzia Juni wakulima wanapulizia mikorosho dawa ya salfa. Oktoba minada inaanza, na hapo fedha, arusi, mabati mapya na madeni yote huja pamoja. Wengi hudhani mnada ni picha rahisi. Zamani wanunuzi walitumbukiza zabuni sandukuni na makaratasi yakasomwa mbele ya wakulima. Tangu msimu wa 2024 mauzo yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa soko la bidhaa, TMX, na bei zikija zinasomwa kwa wakulima waliokusanyika. Ukikazania kupiga skrini utarudi na picha ya kioo. Jiandae kwa nyuso. Kaa mbele pembeni, uwe unawatazama wakulima, sikio kwa msoma bei, kwa sababu dakika ile wanapoamua kukubali au kukataa ndiyo habari yenyewe. Mwaka ule wa 2024 bei zilipopita shilingi 4,000 kwa kilo, ungeisoma bei machoni mwa watu kabla haijaandikwa popote. Na usiku wa kuamkia mnada piga simu kwa katibu wa chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima, uhakikishe ni ghala gani. Minada huzunguka, na safari ya bure ya bodaboda kutoka Newala mjini hadi kijiji kisicho na mnada inauma mfuko na moyo.

Saa ya pili ni bahari. Muulize mvuvi yeyote lini ni bamvua, atakuambia bila kutazama simu: siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu. Siku hizo maji hukupwa mbali sana, mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na akina mama hushuka kutafuta pweza na chaza, wengine wakitanda dagaa kwa kanga au vyandarua. Tatizo ni kwamba saa hizo jua limeshakuwa kali, na nyuso zilizo chini ya mtandio hupotea kwenye kivuli. Basi shuka nao mapema, maji yakiwa bado yanaondoka, saa moja au saa mbili, mwanga ukiwa bado mlaini. Wakati huo utakuwa umeshaamkia kila mtu, na yatakapokupwa kabisa watakuwa wamekusahau. Vaa raba kuukuu, kwa maana miba ya baharini haichagui. Maji yakianza kujaa, fuata miguu ya wenyeji, usibaki nyuma kwa ajili ya picha moja zaidi.

Kuhusu vifaa, nitakaa kwenye salfa kwa sababu iliniharibia lenzi. Ni unga mwepesi, mashine inautupa juu ya mikorosho kama ukungu wa manjano, nao huingia kila upenyo. Nilibadilisha lenzi shambani, na tangu siku ile pete yake ya kuvutia ilisaga kama mchanga. Chagua lenzi moja ukiwa bado barabarani na usiibadilishe hadi utoke. Vika kamera mfuko wa plastiki, ukaze kwa mpira mdomoni mwa lenzi. Simama upande upepo unakotokea. Funika pua na macho, kama mpuliziaji anavyopaswa kufanya. Asipofanya hivyo, hiyo nayo ni habari. Ukirudi, usifute kioo kwa kitambaa kwanza: puliza unga wote utoke kwa puto la mkono, ndipo ufute. Chumvi ya bahari inataka kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi kisha kikavu, usiku uleule. Masika, au ukikaa wiki nzima Shangani karibu na maji, usiifungie kamera ndani ya begi muda mrefu, ukungu utaota ndani ya lenzi. Vile vipakiti vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu vipya vihifadhi, vinanyonya unyevu.

Betri mbili, kadi mbili, pawabenki, vocha, na fedha taslimu ya nauli ya kwenda na kurudi pamoja na akiba ya kulala. Yatosha.

Mavazi ni sehemu ya vifaa. Mikindani na mitaa mingi ya pwani ni ya Waislamu. Suruali ndefu au gauni refu, na mtandio begini kwa dada, vinakufikisha uani ambako kaptula haifiki. Piga hodi, ungoje ukaribishwe. Mkubwa mpe shikamoo yake na uisikilize marahaba hadi mwisho. Vijana wa vijiweni watakuita njomba, yaani mjomba, itikia. Kwenye arusi upande wa wanawake una wenyewe, na mvulana mwenye kamera aombe dada wa familia ampigie huko.

Lipo eneo ambalo nakuomba usilijaribu hata ukipewa nafasi: yanayofanyika ndani ya jando na unyago. Siku ya wali, yaani watoto wanaochezwa, kutoka, ngoma inapigwa hadharani na watu hushangilia. Hapo omba ruhusa kwa wazazi na kwa wakubwa wa shughuli, upige furaha. Ya ndani yamefungwa kwa heshima ya wenyewe, na wali ni watoto. Ngoma ya vinyago ya Kimakonde nayo ina amri yake. Anayevaa kinyago hapaswi kujulikana kwa wanawake na wasiopitia jando. Usimfuate anakovalia, usimpige akiwa amekivua, na kwenye maelezo ya picha usiandike jina lake hata kama unamjua. Hapo tu ndipo daftari linapokaa kimya.

Bibi wa Kimakonde wenye nembo, zile chale za usoni, na ndonya, kile kipande cha mti mdomoni, wamepigwa picha nyingi mno na wapita njia wasiouliza jina. Ukimpata mmoja, tumia siku ya kwanza kukaa naye tu. Muulize angependa apigwe amevaa nini, amekaa wapi, na nani ubavuni. Huenda akachagua kiti cha plastiki na picha ya wajukuu ukutani. Mpige hivyohivyo.

Kwa watoto wengine pia, ruhusa ni ya mzazi, si ya mtoto anayekukimbilia akicheka. Mtoto mgonjwa, aliye kwenye kesi au aliyedhulumiwa, uso wake usionekane. Sheria ya Mtoto ya 2009 inambana mwandishi anayemtambulisha mtoto aliye mahakamani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo imeweka ridhaa ya mtu mbele. Mweleze mtu picha itakwenda wapi, darasani, gazetini au kwenye simu za watu, na akibadili mawazo kabla haijatoka, itoe.

Mwisho, kabla hujaanza fildi pitia studio moja mjini uulize bei ya kusafisha picha za ukubwa wa kadi, kisha utenge fedha hiyo pembeni usiiguse. Nunua bahasha. Juu ya kila moja andika jina la mtu kutoka kwenye daftari, na chini yake namna ya kufika kwake, vilevile alivyokuelekeza: shuka bodaboda penye mwembe, pita msikiti, nyumba ya tatu yenye mlango wa bluu, ulizia mama anayebangua.