Namna ya Kusafiri Barabara Kuu ya TANZAM na Kuielewa, kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma

Barabara kuu ya T1, ambayo wengi tunaiita TANZAM, inatoka Dar es Salaam, inapita Morogoro, Iringa na Mbeya, na kuishia mpakani Tunduma, mwendo wa kilomita 930 hivi. Wasafiri wengi huipita ndani ya basi, wakiondoka alfajiri na kusinzia hadi wanapoamshwa na wauza vitunguu dirishani. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye usafiri wake, ambaye angependa kufika salama na pia kufahamu kwa nini barabara inapanda mlima huu badala ya kuuzunguka, kwa nini mji fulani umekua njia panda na mwingine umebaki juu kilimani, na kwa nini malori ya mafuta hayaishi njiani usiku na mchana.

Anza na historia kabla ya kuwasha gari, kwa sababu bila historia hiyo njia yenyewe haieleweki. Wakati wa ukoloni hapakuwa na sababu kubwa ya kuunganisha Dar es Salaam na nyanda za juu kusini kwa barabara nzuri. Mizigo ya bandari ilibebwa na Reli ya Kati, ambayo ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na barabara iliyothaminiwa na Waingereza huku juu ilikuwa ile iliyotoka Rhodesia mbili, ya Kusini na ya Kaskazini (leo Zimbabwe na Zambia), ikapita Mbeya na Iringa, kisha ikageukia kaskazini kuelekea Dodoma, Arusha na Nairobi. Kwa maneno mengine, Iringa ilitazama kaskazini na kusini zaidi kuliko ilivyotazama pwani, na njia ya kuteremka hadi Morogoro ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika.

Mambo yalibadilika tarehe 11 Novemba 1965, siku ambayo serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kule Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo. Zambia, iliyokuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu kabla ya hapo, haikuwa na bahari, na shaba yake pamoja na mafuta yake vilitegemea reli iliyopita katika nchi ya Smith. Desemba ya mwaka huo mafuta yakakatwa. Ndege za Uingereza na Marekani zikaanza kubeba mapipa ya mafuta angani, huku malori yakihangaika na njia ya udongo kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, njia ambayo madereva waliipa jina la jehanamu, wala hawakuwa wakitia chumvi. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zikaanzisha kampuni ya pamoja ya malori, Zambia Tanzania Road Services, na malori mazito yakazidi kuichimba njia ambayo haikuwa imeandaliwa kwa ajili yake.

Jibu lilikuja kwa namna tatu, nazo zote utakutana nazo safarini. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Barabara ilianza kujengwa upya kwa lami mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa fedha ambazo sehemu kubwa zilitoka Marekani na Benki ya Dunia, na kazi ikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya mwaka 1970 na 1975. Kwangu mimi, hili ndilo jambo linalostahili kukumbukwa kuliko yote kuhusu barabara hii: katikati ya vita baridi, fedha za Marekani zilikuwa zikimwaga lami na Wachina wakitandika reli katika nchi moja na kwa shabaha moja, na Nyerere na Kaunda wakavipokea vyote viwili bila kumwomba radhi mtu.

Sasa panga safari. Usijaribu kuimaliza kwa siku moja, hata kama unawafahamu watu wanaojisifu kwamba wamefanya hivyo. Lala Iringa, ambayo iko kilomita 500 hivi kutoka Dar es Salaam, na siku ya pili umalizie zilizobaki. Ukitaka kuchepuka kuona nitakavyovitaja huko mbele, ongeza siku ya tatu. Ondoka mapema ili upite Mikumi na mlima Kitonga kukiwa na mwanga. Chukua pembetatu mbili za kuakisi, kizima moto, tairi la akiba lililojaa upepo na sweta, kwa maana mwezi wa Juni na Julai baridi ya Mafinga na Makambako humshangaza mtu wa pwani. Katika kila kijiji mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na askari wenye tochi za kupima mwendo hawasimami mahali ambapo ungewatarajia. Ukiona matawi mabichi yamepangwa barabarani, punguza mwendo mara moja, kwa kuwa mbele yako kuna lori lililoharibika, mara nyingi kwenye kona. Mafuta yanapatikana bila shida Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya.

Kutoka Dar es Salaam utapita Ubungo, kwenye daraja la juu la Kijazi, kisha Kimara na Mbezi penye kituo cha mabasi cha Magufuli, vyote viwili vikiwa vimezinduliwa Februari 2021. Njia nane kati ya Kimara na Kibaha zimepunguza adha ya zamani, ingawa hazijaimaliza. Baada ya Kibaha utaona msururu wa malori kwenye mizani ya Vigwaza. Gari dogo halihusiki na mizani, lakini malori hutoka na kuingia barabarani polepole, kwa hiyo usipite kwa kasi. Chalinze ni njia panda tu, na hapo ndipo wanapoachana wanaokwenda Tanga, Moshi na Arusha. Morogoro, eneo la Msamvu, wanaachana wa Dodoma. Fuata alama za Iringa, na milima ya Uluguru ikae kushoto kwako.

Baada ya kijiji cha Doma barabara inaingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kuendelea humo kwa kilomita 50 hivi. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, kabla ya lami, na ndiyo maana leo lori la shaba na kundi la nyati vinagawana njia moja. Hulipi kiingilio kwa kupita, lakini usisimame ovyo, usishuke kwenye gari na usitupe hata ganda la ndizi, kwa kuwa chakula kinachotupwa ndicho kinachowavuta nyani na wanyama wengine kando ya lami, ambako wanagongwa. Faini za kugonga mnyama zimebandikwa kwenye mabango, nazo zinatisha hasa kwa twiga na tembo. Heshimu kikomo cha mwendo na matuta. Ukipita asubuhi au jioni utawaona swala, pundamilia, twiga na mara nyingi tembo bila kulazimika kuacha barabara. Mji wa Mikumi uko mwisho wa hifadhi, na kutoka hapo kuna njia ya Kidatu na Ifakara.

Kutoka Mikumi unaingia sehemu ninayoiona kuwa nzuri kuliko zote. Barabara inateremka hadi bonde la mto Ruaha Mkuu na kupita katikati ya mibuyu minene iliyosimama kwa maelfu kwenye miteremko mikavu, na mahali penyewe panaitwa Ruaha Mbuyuni. Hapa vitunguu hulimwa kwa umwagiliaji na kuuzwa barabarani kwa ndoo na kwa gunia. Kama unarudi kwa njia hiyo hiyo, subiri ununue wakati wa kurudi. Kisha unakuja mlima Kitonga, ukuta wa nyanda za juu, ambapo barabara inapanda kwa kona zilizochongwa kwenye mwamba, upande mmoja korongo.

Kitonga ndipo panapoeleza kwa nini reli na barabara ziliachana. Lori linaweza kupanda mwinuko ambao garimoshi haliwezi, hivyo wahandisi wa TAZARA waliipitisha reli kusini, katika bonde la Kilombero, na kuipandisha taratibu kati ya Mlimba na Makambako kwa mahandaki na madaraja mengi, wakati barabara ilichukua njia fupi na kali zaidi kupitia Iringa. Unapopanda, kaa nyuma ya lori kwa subira na usilipite kwenye kona hata kama dereva wake anakuwashia indiketa ya kukuruhusu, kwa sababu yeye haoni kilichoko nyuma ya kona zaidi ya unavyoona wewe. Unaporudi ukiteremka, ingiza gia namba mbili kabla ya mteremko kuanza na uiache injini ifanye kazi ya kuzuia gari. Breki zinazokanyagwa mfululizo huchemka na kushindwa, na mabaki ya magari korongoni ni ushahidi wa kutosha. Mzizi wa ajali nyingi hapa ni haraka na breki. Barabara yenyewe imejengwa vizuri.

Juu ya mlima hewa inabadilika, na Ilula inakupokea kwa nyanya. Kabla ya Iringa unapita Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wahehe chini ya Mkwawa lililivizia na kulivunja jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, naye akauawa hapo hapo. Kuna mnara wa kumbukumbu karibu na barabara. Simama dakika chache. Wajerumani walirudi na kuiteka ngome ya Kalenga mwaka 1894, wakajenga mji wao juu ya kilima, na ndiyo maana mpaka leo barabara kuu inapita bondeni Ipogolo huku Iringa yenyewe ikiwa juu. Ukitaka kuuona mji lazima uache barabara na kupanda. Ukiwa na asubuhi nzima, nenda Kalenga, kilomita 15 hivi kwenye njia ya Hifadhi ya Ruaha, ulione fuvu la Mkwawa, ambalo lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919 lakini halikurudishwa hadi mwaka 1954.

Siku ya pili, kilomita 20 hivi baada ya Iringa, kuna kibao cha Isimila upande wa barabara. Ni bonde kavu lenye nguzo za udongo zilizochongwa na maji, na zana za mawe za binadamu wa kale zilizochimbuliwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 bado zinaonekana mahali pake. Saa moja na nusu inatosha, pamoja na kutembezwa. Kutoka hapo hadi Mafinga na kuendelea utaona misonobari na mikaratusi ya shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, na malori ya magogo na mbao yataongezeka. Asubuhi ukungu hushuka hapa hadi usione mita chache mbele. Washa taa za chini, maana mwanga wa taa kubwa hurudishwa na ukungu machoni mwako.

Makambako ni mahali ambapo barabara na TAZARA zinakutana tena baada ya kuachana tangu Dar es Salaam, na pia njia ya Njombe na Songea inaanzia hapo. Mji umekua kwa sababu hizo mbili. Kuanzia hapa hadi mpakani reli haitakuwa mbali nawe. Barabara inateremka hadi tambarare ya Usangu, yenye joto na mpunga, ukipita Igawa, Chimala na Igurusi. Mchele wa huku unasifika nchi nzima. Baadaye unapanda tena kupitia Inyala hadi Uyole, na kipande hiki kikuongezee tahadhari, kwa kuwa malori yanayotoka Mbeya huteremka hapo yakiwa na mzigo mzito. Uyole ni njia panda ya Tukuyu, Kyela na Malawi, na foleni ya kuingia Mbeya mjini huanzia hapo. Kama huna shughuli mjini, endelea moja kwa moja hadi Mbalizi.

Kilomita kama 100 za mwisho zinapita katika kahawa ya Mbozi, Mlowo na Vwawa, makao ya mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016. Kimondo cha Mbozi, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16 hivi, kiko kando ya njia ya vumbi inayochepuka kutoka barabara kuu, na kinafaa kuchepukiwa.

Tunduma utajua umekaribia pale malori yatakapoanza kujipanga upande mmoja wa barabara, wakati mwingine kwa kilomita kadhaa. Hiyo ni foleni ya forodha wala si ajali, na gari dogo huipita kwa uangalifu. Tangu Oktoba 2019 kituo ni cha pamoja, kwa hiyo ukienda Zambia taratibu za kutoka na kuingia zote hufanyika upande wa Nakonde, na ukirudi zote hufanyika Tunduma. Uwe na pasi ya kusafiria, kadi halisi ya gari, kibali cha kulitoa gari nchini, bima ya kadi ya njano ya COMESA na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Wanaojitolea kukusaidia kabla hujafika kituoni waache na shughuli zao. Saa ya Zambia iko nyuma kwa saa moja: ukitoka Tunduma saa sita mchana, Nakonde ni saa tano, na bado una mwanga wa kutosha kusogea mbele kuelekea Mpika.