Somo: Kuchagua begi la maji kwa safari za baridi na theluji

Saa kumi alfajiri, juu kidogo ya kambi ya Shipton, Mlima Kenya, nilivuta mrija wa begi langu la maji, yaani begi la mgongoni lenye mfuko wa maji na mrija wa kunywea: hewa tupu. Nikavuta tena kwa nguvu, hakuna kitu. Nilipouminya kwa vidole ukalia kama ganda la yai linalovunjika: barafu, kuanzia kinyonyeo hadi begani. Mgongoni nilikuwa na lita mbili na nusu za maji ambayo hayajaganda hata tone. Nikayapandisha yote hadi kilele cha Point Lenana, mita 4,985, nikateremka nayo, midomo imekauka na kichwa kinagonga. Basi somo hili linaanzia hapo. Maji yaliyo mgongoni yanajitunza yenyewe. Kinachotuangusha ni ile mita moja ya mrija.

Wengi wetu kwenye kikundi chetu cha wapanda milima hapa Nairobi tulijifunzia milima ya Ngong na Longonot. Huko adui ni jua, na begi lolote lenye mfuko wa maji linatosha. Ndiyo maana tunanunua begi jepesi la wakimbiaji, halafu tunalipeleka Mlima Kenya vilevile lilivyo. Piga hesabu: kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6 hadi 7. Lenana iko zaidi ya mita 3,000 juu ya Nairobi. Usiku ambao mjini ni nyuzi 13, kule juu unaweza kuwa nyuzi 6 au 7 chini ya sifuri, na hapo upepo haujaguswa.

Hatua ya kwanza: tandaza vitu kitandani kabla ya kwenda dukani. Koti la mvua, koti zito, glovu, tochi ya kichwani na betri za akiba, chakula cha siku, dawa za huduma ya kwanza. Ukiwa na mpagazi anayekubebea mzigo mkubwa, begi la lita 20 hadi 28 linakutosha siku ya kilele. Ukibeba mwenyewe, tafuta lita 30 hadi 40. Hapa watu huchanganyikiwa: begi likiandikwa "lita 2" kwa nje, mara nyingi hizo ni lita za mfuko wa maji, si ukubwa wa begi. Uliza zote mbili.

Hatua ya pili: maji kiasi gani. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo mfuko wa lita 3 ukijaa ni mzigo wa kweli. Mimi napendelea mfuko wa lita 2 pamoja na chupa ya lita moja yenye mdomo mpana. Nitaeleza sababu ya chupa kwenye maswali.

Hatua ya tatu: mrija. Hapa usiharakishe. Shika mkanda wa begani uutazame kwa makini. Begi lililotengenezewa baridi lina mfereji wenye zipu ndani ya mkanda wenyewe, umewekwa sponji, na mrija unapita humo mpaka karibu na kifua. Begi la kawaida lina vitanzi viwili tu, mrija unaning'inia nje, upepo unaupiga pande zote. Kama unalo la namna hiyo hulazimiki kulitupa. Nunua soksi ya mrija, yaani ule mfuniko mnene wa povu, na hakikisha inafunika mpaka kwenye kinyonyeo, kwa sababu kinyonyeo ndicho kinachoganda kwanza: ni kidogo, kina maji, na kiko mwisho kabisa, mbali na joto la mwili.

Lakini hata mfereji mzuri namna gani hautakusaidia usipojua kupuliza. Ukimaliza kunywa, usiachie kinyonyeo. Kikiwa bado mdomoni, puliza polepole mpaka usikie mapovu mgongoni: blub, blub. Maji yote ya mrija yamerudi mfukoni, na mrija mtupu hauna cha kuganda. Kisha ingiza kinyonyeo ndani ya koti, funga zipu. Kunywa mafunda mawili matatu kila baada ya dakika kumi hivi, upulize tena. Mimi siku ile nilijua haya yote kwa kuambiwa, sikuwa nimeyafanya hata mara moja. Fanya mazoezi msitu wa Karura Jumapili, mpaka mdomo uzoee.

Mfuko wenyewe ukae kwenye chumba kilichogusana na mgongo, si mfuko wa nje. Ujaze maji ya vuguvugu, si yanayochemka, maana mifuko mingi haikutengenezewa hilo. Kabla ya safari ujaze, uufunge, uulaze ndani ya beseni na uukandamize kwa mikono yote miwili. Uvujaji unaouona nyumbani ni wa kufuta kwa kitambaa, ila ukivujia ndani ya koti la manyoya kwenye mita 4,500 ni hatari kwa maisha.

Hatua ya nne: livae likiwa na uzito. Beba pakiti tatu au nne za unga za kilo mbili uziingize ndani, ukwee ngazi ghorofa tano. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Kisha vaa glovu nene, ufungue na kufunga kila zipu na kila kifungo cha begi. Kile kinachokushinda ukiwa dukani kitakushinda zaidi gizani.

Kuhusu mitumba: Gikomba na Toi nimepata mabegi mazuri kuliko mengi mapya. Angalia tundu la kutolea mrija, kitanzi cha ndani cha kutundikia mfuko, na vifungo visiwe na nyufa. Pindua kitambaa cha ndani, kama kinabanduka magamba, liache. Mfuko wa maji na mrija nunua vipya siku zote.

Maswali ya wanachama

Dada wa Rongai: Mwalimu, kwa nini nisibebe chupa tu nikaachana na mrija?

Dada yangu, kwa usiku wa kilele sitakupinga. Chupa ya mdomo mpana, ivalishe soksi ya sufu, uiweke ndani ya begi kichwa chini. Barafu ni nyepesi kuliko maji, huanza kushika sehemu ya juu. Ukiigeuza, barafu hujenga kwenye kitako na mdomo unabaki wazi. Shida ya chupa ni kwamba inabidi usimame, ushushe begi, uvue glovu, na mtu aliyechoka huahirisha. Mrija hukufanya unywe bila kufikiri. Ndiyo maana nabeba vyote viwili, na themosi ndogo ya chai ya tangawizi ikiwezekana.

Kaka wa Kasarani: Na mrija ukishaganda tayari, nifanyeje?

Usiukunje wala usiung'ate kwa nguvu, utapasuka. Uchomoe kwenye mkanda, uupitishe ndani ya nguo hadi kwapani, uendelee kutembea. Wakati unasubiri, fungua mdomo wa mfuko umimine maji kwenye kikombe. Mimi sikuwaza hilo siku ile, nikafika kileleni na kiu wakati maji ninayo.

Mwanachama wa South B: Shemeji yangu amenialika Austria mwezi wa pili, tupande milima kwa skii, nje ya njia zilizoandaliwa. Begi langu la Mlima Kenya litafaa?

Hapana ndugu, na nakuomba usikwepe gharama hii. Kule kuna maporomoko ya theluji, na kila mtu kwenye msafara hubeba vitu vitatu: kifaa cha mawimbi cha kutafutana, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na koleo la kufukulia theluji. Kifaa cha mawimbi huvaliwa mwilini, kamwe hakiwekwi begini. Fimbo na koleo vinahitaji chumba chao peke yao kinachofunguka mara moja, kwa sababu aliyefukiwa ana dakika chache, na nafasi ya kumtoa hai hushuka sana baada ya robo saa ya kwanza. Mfuko wa maji usikae humo.

Angalia pia mikanda ya kubebea skii mgongoni, au ubao kama unatumia ubao wa theluji. Kingo zake ni za chuma na zinakata, kwa hiyo ziwe mbali na mrija. Ukinunua begi lenye puto la kujazwa hewa, la kukusaidia kubaki juu theluji ikiporomoka, kishikio cha kulifyatulia huwa kwenye mkanda mmoja wa begani. Mrija upite mkanda wa pili, usiguse kishikio hata kidogo.

Jambo lingine: kupanda kwa skii kunatoa jasho jingi, kisha unateremka kwa kasi upepo ukikupiga kifuani. Puliza mrija kabla hujabandua zile ngozi za kupandia, yaani vitambaa vinavyobandikwa chini ya skii zisirudi nyuma. Jiandikishe mafunzo ya maporomoko kabla ya safari, na kila asubuhi msome taarifa ya hatari, ambayo Ulaya hutolewa kwa ngazi 1 hadi 5. Theluji si ya wenyewe peke yao: Philip Boit alituwakilisha kwa skii kwenye Olimpiki ya Nagano 1998, na Sabrina Simader, aliyezaliwa hapa akakulia hukohuko Austria, alishindana kwenye ile ya Pyeongchang 2018. Nenda, ila nenda umejiandaa.

Mama wa Buruburu: Mrija wa mwanangu umeota ukungu mweusi. Nitupe?

Ukiwa mweusi kwa ndani wote, badilisha mrija, ubaki na mfuko. Ukiwa madoa machache, loweka usiku kucha kwa maji ya moto kiasi na vijiko viwili vya baking soda, usugue kwa brashi nyembamba, usuuze. Mfuko nao uukaushe kwa kuingiza mwiko ndani ili kuta zisigusane. Mwambie asitie juisi wala glukosi humo, hivyo ni vya chupa. Mimi wangu nikishausuuza nauweka kwenye friza mpaka safari nyingine, ukungu haupati nafasi.

Kaka wa Ruaka: Kule juu najaza maji wapi, na je, ni salama?

Mito ipo karibu na kambi nyingi, lakini usinywe bila kuyatibu. Kambini Shipton maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi, na bado vijidudu hufa. Yaache yachemke dakika tatu. Vidonge vya kutibu maji navyo hufanya kazi, ila kwenye maji baridi vinahitaji muda mrefu zaidi. Kama unatumia chujio lenye nyuzi nyembamba, lisigande hata mara moja baada ya kulowa, kwani nyuzi hupasuka na kwa macho huwezi kujua. Lala nalo ndani ya begi la kulalia, pamoja na kinyonyeo chako.